Mzee, Litaje Tu Hilo Bwawa

Jamani, mtu akikuuliza samaki wako wapi, unapungukiwa nini ukimjibu?

Natoka sasa hivi kwenye duka la vifaa vya uvuvi hapa Luton, Uingereza, nusu painti ya mabuu mekundu mkononi. Ndiyo, mabuu. Ya kununua, na rangi yametiwa. Tulioko huku tulishaacha kushangaa, tunalipa na kuomba risiti.

Mnajua kipindi chenyewe hiki. Kuanzia Machi 15 hadi Juni 15 hutupi ndoano mtoni, sheria ya tangu 1878, eti samaki wanazaliana waachwe faragha. Sawa, wazae. Ila mabwawa na maziwa mengi yako wazi, nadhani samaki wa bwawani wao hawana aibu. Kwa hiyo natafuta maji yaliyotulia, yenye rochi na pachi. Sitaki makuu. Rochi mweupe wa fedha mwenye jicho jekundu, pachi mwenye milia ubavuni na miba mgongoni, wa ukubwa wa kiganja basi. Mimi mtoto wa Ukerewe, nimekua naona sangara anabebwa na wanaume wawili. Ukiniona nimeshuka mpaka pachi wa kiganja, ujue nimeshanyenyekea vya kutosha.

Sasa yule mzee wa dukani. Nilimwendea kwa adabu zangu zote. Nikaanza na hali ya hewa, kama desturi ya wenyewe. Nikaisifia mvua. Nikanunua na kiboya nisichokihitaji, maana kuuliza na mikono mitupu si heshima. Ndipo nikasema: "Mzee wangu, bwawa gani zuri kwa rochi na pachi?"

Akaweka kikombe cha chai chini. Akatazama mlangoni. Akashusha sauti, na humo dukani tuko sisi wawili na mabuu.

"Kuna mahali," akasema.

"Wapi?"

"Si mbali."

"Upande gani?"

"Inategemea unatokea wapi."

Natokea hapa mbele yako, mzee!

Nikatulia. Akaanza kunieleza. Kuna mwerebi umeangukia majini upande wa kulia, pachi hujificha kwenye matawi yake, uende alfajiri, mnyoo mmoja tu kwenye ndoano, kina mita mbili. Rochi wako ng'ambo, upepo unakopeleka mawimbi, kando ya matete. Hao wape mkate, au mbegu za bangi. Mbegu za bangi, ndugu zangu! Zimechemshwa, halali kabisa, ziko kwenye mkebe pale rafuni pembeni ya soksi za sufu. Nyumbani ningelala ndani mimi, mzee, mkebe, na soksi zingechukuliwa kama kielelezo.

Akaendelea. Baba yake ndiye aliyempeleka pale akiwa mtoto. Akanisimulia ugonjwa uliofyeka pachi wa nchi hii miaka ya sitini na sabini, jinsi kule ziwa Windermere mwaka 1976 walivyokufa karibu pachi wote wakubwa, na jinsi bwawa lake hilo lilivyonusurika. Hapo akagusa kaunta ya mbao, akanyamaza kidogo. Na mimi nikainamisha kichwa, nikampa pole. Nilikuwa nimeshajua kina, nimejua upepo, nimejua mpaka jina la mbwa wa marehemu baba yake.

"Sasa mzee, linaitwaje?"

"Halina jina."

"Liko kijiji gani?"

"Katikati ya vijiji."

"La nani?"

"La mkulima mmoja."

"Nimtafute wapi?"

"Alishafariki."

"Mrithi wake?"

"Hapendi wageni."

"Sasa wewe unaingiaje?"

"Mimi si mgeni."

Mlango ukafunguliwa, akaingia mteja. Mzee akapaza sauti ghafla, kama mtu aliyekuwa anajibu swali muda wote: "Kwa hiyo nakushauri ujaribu Wilstone!"

Wilstone! Bwawa lililojengwa 1802 kule karibu na Tring kulisha mfereji maji. Pachi wa kilo 2.8 aliyeingia kwenye rekodi ya Uingereza alitoka humo, magazeti ya uvuvi yote yaliandika. Nimetoa saa yangu nzima, nimempa pole ya msiba wa mbwa, naambiwa siri ambayo kila mwenye ndoano nchi hii anaijua! Nilitamani kumrudishia kiboya chake. Yaani kule Ukerewe ukiuliza samaki wako wapi, watu watano wanakujibu kwa mpigo, wanabishana, na wa sita anavaa kandambili akupeleke. Mnaficha nini? Huyo samaki mwenyewe hata hamumli!

Msiniambie niende kwenye mabwawa ya kulipia getini. Nimeenda. Kule kumejaa kapi, samaki mnene mwenye sharubu. Unamtupia rochi buu lake, kabla halijazama kapi ameshalimeza na kuondoka na mshipi. Mwenye bwawa anakuja anatabasamu, "Umepata kubwa!" Sikuomba kubwa, baba, niliomba rochi. Halafu soma ubao wa masharti: ndoano isiwe na kijino, wavu wa kuwekea samaki marufuku, ukimtoa ndoano umlaze kwenye godoro, kisha umrudishe majini. Samaki ana godoro! Mimi nilipofika nchi hii nililala sakafuni kwa binamu, na hakuna aliyeweka ubao.

Siku niliyompata rochi mkubwa, wa kujisifia, jirani yangu wa ukingoni akaomba kumwona. Akamgeuza. Akaanza kuhesabu miba ya pezi la chini, moja moja, midomo inacheza. "Huyu si rochi kamili. Upande mmoja ni brimu." Yaani amechanganya na samaki wa aina nyingine. Mimi mwenyewe nimeulizwa asili yangu nchi hii mpaka nimechoka, sasa na samaki wangu anakaguliwa ukoo.

Nyumbani nako mama watoto amesema mabuu yakiingia tena kwenye jokofu, karibu na dagaa wake, mimi natoka. Nimemwelezea kwamba yakipata joto yanageuka nzi. Akasema hata mimi nikipata joto nitageuka kitu.

Halafu leseni ya kuvua. Kijana wangu ametimiza miaka 13, maana yake sasa naye lazima awe nayo. Ya watoto haina malipo, lakini isipochukuliwa ni kosa, faini inaweza kufika pauni 2,500, na mnadhani ataitoa nani? Nikakaa mezani na simu, miwani puani, nijaze fomu kwa utulivu kama mkuu wa kaya. Ukurasa haufunguki. Nazunguka sebule nzima nimeinua simu juu, naambiwa panda ngazi, nimepanda, naambiwa simama dirishani, nimesimama, jirani ananipungia mkono. Kumbe nywila ya intaneti imebadilishwa tangu jana. Bili inakuja kwa jina langu, lakini kila mtu humu ndani anaijua nywila isipokuwa mimi, na nikiuliza naambiwa, "Baba, mbona tulikutumia kwenye grupu la familia." Grupu lipi? Nani kafungua grupu la familia mimi simo?