Mchezaji Asiyeonekana: Kanuni za Ushiriki na Haki ya Kupumzika katika Michezo ya Mtandaoni

Katika Clash of Clans, mchezo uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya Supercell ya Ufini, klani moja, yaani kikundi cha wachezaji wanaopigana upande mmoja, hubeba watu wasiozidi 50, na vita vya kawaida kati ya klani mbili huchukua takribani siku mbili, moja ya maandalizi na nyingine ya mapigano. Kila aliyeorodheshwa vitani ana mashambulizi mawili. Klani iliyopeleka watu 15, kisha watatu wasionekane siku ya mapigano, inabaki na mashambulizi 24 badala ya 30, ilhali mpinzani wake alichaguliwa kwa kupima nguvu za wote 15. Hasara ya namna hii ndiyo iliyozaa kanuni zinazosomeka katika maelezo ya klani nyingi: anayekosa vita hushushwa cheo, na asiyeingia mchezoni kwa wiki nzima hutolewa.

Kanuni hizo mbili huandikwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, nami naona hapo ndipo penye kosa. Ya kwanza inamhusu mtu aliyekubali kazi akaiacha. Ya pili inamhusu mtu ambaye hakukubali chochote isipokuwa kuwa mwanachama.

Ya kwanza ina utetezi mzito. Katika League of Legends, ambamo timu mbili za watu watano hupambana, mmoja akitoroka, wanne waliobaki huendelea kwa nusu saa katika pambano ambalo kwa kawaida limeshapotea. Muda wao ni mali yao, na aliyeupoteza hawezi kujitetea kwa kusema kwamba huu ni mchezo tu, kwa kuwa kwao pia ni mchezo, na ndio uliowafanya watenge jioni yao. Kampuni ya Riot, inayomiliki mchezo huo, huwapeleka watoro wa mara kwa mara kwenye foleni ndefu ya kusubiri kabla ya kuruhusiwa kucheza tena. Hata hivyo, hatua ninayoiona kuwa ya busara zaidi ni ile iliyoanza mwaka 2016, inayowaruhusu wachezaji kupiga kura mapema kulivunja pambano ikiwa mwenzao hakuonekana tangu mwanzo. Hatua hiyo huanza kwa kumwokoa aliyeumizwa, na suala la adhabu huja baadaye.

Clash of Clans nayo inampa kila mchezaji alama ya kuonyesha kama yumo vitani au hayumo. Kiongozi anayemwingiza vitani mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba hayumo, kisha akamfukuza kwa kutoshambulia, ameivunja kanuni mwenyewe. Kikundi cha upatu kinalijua jambo hili vizuri: aliyeingia kwenye mzunguko hana ruhusa ya kuruka zamu yake, lakini mzunguko ukiisha hakuna anayemdai mtu aliyeamua kukaa nje ya mzunguko unaofuata.

Kanuni ya pili, ile ya kuhesabu siku, inakuwa ngumu kuihukumu pale kinachoshikiliwa na asiyecheza kinapokuwa haba kweli. Mfano ulio wazi ni nyumba za Final Fantasy XIV, mchezo wa kampuni ya Square Enix ya Japani. Viwanja humo vina idadi maalumu, waombaji ni wengi kiasi kwamba tangu mwaka 2022 hugawiwa kwa bahati nasibu, na mwenye nyumba asipoingia ndani yake kwa siku 45, nyumba hubomolewa. Anayesubiri kiwanja huku akipita mbele ya nyumba zisizo na watu ana malalamiko ya haki. Mwenye nyumba naye ana haki yake, na mchezo unaitambua kwa kiasi: hupewa siku 35 za kudai samani zake na kurudishiwa sehemu kubwa ya bei ya kiwanja. Mwaka 2020, janga la korona lilipoenea, kampuni ilisimamisha ubomoaji, na ikafanya hivyo tena kwa seva za Japani baada ya tetemeko la ardhi la Noto, nchini Japani, la Januari 2024. Kwa kufanya hivyo ilikubali kwamba kalenda peke yake haitofautishi kati ya aliyechoka na mchezo na aliyepoteza makazi yake halisi.

Afrika Mashariki tunaufahamu upofu huo wa kalenda. Tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu wa Uganda, intaneti ilizimwa nchi nzima na haikurejea kwa siku kadhaa. Kwa kiongozi wa klani aliyeko Ulaya, mchezaji wa Kampala alionekana mzembe tu, sawa na yeyote mwingine aliyenyamaza. Hata bila uamuzi wa serikali, umeme hukatika na bando huisha katikati ya pambano, na mchezo huandika tu kwamba mtu ameondoka.

Hata pale pasipo na kiwanja wala nafasi ya kugombaniwa, kimya bado huadhibiwa. Wachezaji wa madaraja ya juu ya League of Legends hupunguziwa pointi wakikaa muda mrefu bila kucheza. Utetezi wake ni kwamba orodha ya walio bora inapaswa kuonyesha wanaoshindana sasa, jambo ambalo si la kupuuzwa. Lakini FIDE, shirikisho la sataranji duniani, limelitatua bila kumnyang'anya mtu kitu: asiyecheza michezo ya viwango kwa mwaka mmoja huwekwa kando kama asiye hai, huku kiwango chake kikibaki kama alivyokiacha hadi atakaporudi.

Zawadi ambazo michezo humpa anayeingia kila siku bila kukosa ni suala jingine kabisa, na sioni sababu ya kulipima kwa upole uleule. Anayekatiza mfululizo wa siku saba hajamdhulumu mwenzake hata mmoja. Kilichopungua ni mazoea yake, ambayo kampuni huyategemea kwa mauzo. Desemba 2023, mamlaka ya uchapishaji ya China ilitoa rasimu ya kanuni za kuzipiga marufuku zawadi za aina hiyo pamoja na vishawishi vingine vya matumizi. Hisa za Tencent na NetEase, kampuni kubwa za michezo za nchi hiyo, zilianguka vibaya siku hiyohiyo, na mwezi uliofuata rasimu ikaondolewa kwenye tovuti ya mamlaka hiyo.

Ndani ya klani, suluhisho halihitaji serikali. Kiongozi anapaswa kuuliza kabla ya kila vita nani yumo, na kupokea jibu la "simo" bila kudai sababu, kwa kuwa msiba, mitihani au uchovu wa mtu si mambo ya kujadiliwa mbele ya watu 49. Nafasi zikijaa, mbinu ambayo klani nyingi zimekwisha kuizoea inatosha: kuwa na klani ya pili pembeni, ambako aliyepumzika huhamia, akijua kwamba atakapotaka kurudi vitani ataitwa.