Kosa si la modeli, ni la kudai namba moja

Tangu UVIKO-19 ilipovuruga makadirio ya mauzo mwaka 2020, wapo wanaosema uchambuzi wa data ni kazi ya nyakati shwari tu. Si hoja ya kupuuza. Modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazotabiri, hujifunza kwa yaliyopita. Kampuni ya Zillow ya Marekani, iliyokuwa ikinunua nyumba kwa bei zilizokadiriwa na programu ili iziuze tena, ilitangaza Novemba 2021 kuiacha biashara hiyo, ikikiri kuwa bei zilikuwa ngumu kutabirika kuliko ilivyodhani.

Ila tazama mabosi huwaomba nini wachambuzi wao: "Mwezi ujao tutauza ngapi?" Jibu ni 1,000, bajeti inaandikwa 1,000, oda inatoka 1,000. Mashaka hayajapungua hapo, yamefunikwa tu.

Chukua bidhaa isiyokaa. Mahitaji yanakadiriwa 1,000, na makadirio huwa yanapotoka kwa 200 hivi, juu au chini. Kila moja inayokosekana inakunyima faida ya 3. Kila moja inayobaki inakutia hasara ya 1. Gawanya 3 kwa 4 (faida 3 jumlisha hasara 1), unapata 0.75: agiza kiasi kitakachotosha mara 75 kati ya 100. Kama makosa yametawanyika kwa umbo la kengele (mengi karibu na wastani, machache mbali nao), hicho ni takriban 1,135. Hali ikichafuka, 200 ikawa 400, oda inapanda hadi 1,270. Sasa geuza: faida 1, hasara 3. Oda ni 865, na hali ikichafuka inashuka hadi 730. Wastani haujaguswa! Mashaka yaleyale yanamtaka huyu aongeze na yule apunguze, ndiyo maana ile amri pendwa ya "punguzeni oda zote kwa asilimia 20" huumiza bidhaa zenye faida nene kuliko zote.

Mpinzani atauliza hiyo 400 imetoka wapi, na ana haki. Haitoki kwenye mauzo ghafi, kwa sababu siku rafu ilipokuwa tupu mfumo uliandika sifuri hata kama wateja walikuja. Siku hizo zitengwe. Kisha makadirio ya zamani yalinganishwe na kilichotokea. Ukubwa wa makosa ndio kipimo. Wengi hukwama hapa, maana kila mwezi wanaandika makadirio mapya juu ya yale ya zamani. Makosa yakielemea upande mmoja wiki 5 mfululizo, huenda modeli imepitwa: agiza kidogo kidogo, mara nyingi zaidi.

Kuna yasiyopimika kabisa, kama vita au sheria ya ghafla, na mwanauchumi Frank Knight aliyatenga na hatari za kawaida tangu 1921. Hapo asilimia hazisaidii. Lakini bado unaweza kugawanya fedha iliyopo kwa matumizi ya wiki yasiyokwepeka, mauzo yakiwa sifuri, na kujua una wiki 6 au 16 za kuamua.