Mama Mkwe wa Bluu

Jamani, mimi nikisikia neno "rahisi" akili inahama kabla mwili haujasogea. Jamaa mmoja aliniambia ana mabaki ya mkanda wa sinema, ule mpana wa milimita 65, uliobaki baada ya watu kumaliza kupiga filamu yao. Kama mita 100 hivi, uko ndani ya kopo la bati lililozungushiwa utepe mweusi. Nikamuuliza, utaingia kwenye kamera yangu kweli? Akacheka kile kicheko cha mtu anayetaka kutua mzigo. "Kaka, kamera yako inakula mkanda wa aina ya 120, upana wake milimita 61 na ushee. Unapunguza kidogo tu pembeni."

Kidogo tu pembeni. Hayo maneno matatu ndiyo yaliyonifikisha bafuni saa saba usiku na wembe mkononi.

Tena alinipiga na historia, maana alijua nalainika nikisikia historia. Akasema hata hizi kamera ndogo zilianza hivihivi: Oskar Barnack, fundi wa Kijerumani, aliuchukua mkanda wa sinema wa milimita 35, akaulaza ubavu, fremu mbili za 18 kwa 24 akazifanya moja ya 24 kwa 36, na mwaka 1925 kamera yake, Leica, ikatoka hadharani. Ni kweli kabisa. Alichonificha ni kwamba Barnack aliunda kamera ili iufuate mkanda. Mimi nautahiri mkanda ili uifuate kamera, na kamera yenyewe ni zee la kuchungulia kwa juu, kubwa kwa umri kuliko mimi.

Nikapiga hesabu. Rola ya 120 ina mkanda wa sentimita 82 hivi, picha 12 za mraba. Mita 100 gawa kwa hizo, unapata vipande 121. Mara 12, picha 1,452! Nililala nikitabasamu. Baadaye nikagundua kamera ya sinema inaupitisha mkanda huu fremu 24 kwa sekunde, karibu sentimita 57 kila sekunde. Maana yake kipande ninachokitunza mwezi mzima, wenzangu wanakimaliza kwa sekunde moja na nusu, hata mwigizaji hajafumbua mdomo.

Sasa bafuni. Msidanganywe na ile taa nyekundu mnayoionaga, ile ni ya karatasi za picha nyeusi na nyeupe. Mkanda wa rangi unataka giza totoro. Nikaziba chini ya mlango kwa taulo, nikazima taa, nikafungua kopo, na hapohapo nikaona kitu kinang'aa kijani. Saa yangu ya mkononi! Nikaivua, nikaikalia.

Nilikuwa nimetengeneza kifaa changu mwenyewe, vibao viwili na wembe katikati, unavuta mkanda kama unavuta uzi kwenye cherehani. Mezani, mchana, kilikata karatasi vizuri mno. Gizani kikanikata mimi. Na hizo milimita tatu na nusu ninazozinyoa zinaangukia palepale penye matundu ya sinema, kwa hiyo upande mmoja ukatoka na meno kama msumeno, na upande wa pili matundu yakabaki yamejipanga kama askari.

Kazi nyingine, kujua upande gani una dawa ya picha na upande gani ni mgongo. Utaona nini gizani? Wazee wa kazi wanasema gusisha kwenye mdomo wenye unyevu, upande wa dawa utanata. Nikagusisha. Mwaa. Nikageuza. Mwaa. Ukanata.

"Baba watoto," sauti ya mke wangu nje ya mlango, "uko na nani humo?"

"Niko na filamu."

"Filamu gani inaangaliwa gizani? Na hicho unachokibusu ni nini?"

Swali zuri. Sikulijibu, maana nilikuwa nahangaika na karatasi ya nyuma niliyoinyofoa kwenye rola ya zamani. Ile karatasi mkanda hubandikwa upande mmoja tu, wa mwanzo, ule mwingine unaachwa huru. Na unaanza kuukunja kwa mkia, gundi unaibandika mwishoni kabisa. Mimi kwa haraka nilibandika kwanza ndipo nikakunja. Mkanda wa sinema ni mnene kidogo kuliko wetu, ukajikusanya katikati, rola ikafura kama shavu lenye jino bovu.

Nikaenda nayo hivyohivyo kumpiga picha mama mkwe. Kwa nini mama mkwe? Kwa sababu Mungu akitaka kukufundisha adabu hakuanzishii kwa mtu baki. Alijipamba, akakaa juani wima kabisa, picha 12 nzima hakupepesa.

Fundi wa kusafisha picha aliipokea rola kwa bashasha. Nilipotamka "mkanda wa sinema" akairudisha mezani kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota mjusi. Mgongo wa mkanda huu, jamani, umepakwa masizi. Masizi kabisa, kaboni! Kwenye sinema yana kazi: yanazuia mwanga usirudi ukatia ukungu, yanakinga mikwaruzo na cheche za umeme. Yakiingia kwenye mashine ya fundi yanachafua dawa yote na kugandia picha za wateja wengine. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningeita polisi.

Nikarudi bafuni, sasa na ndoo. Kwanza unasuuza kwa maji ya magadi ili masizi yalainike. Nilipomwaga, yakatoka maji meusi tii, sinki likawa kama limenyonya mafuta ya injini. Halafu dawa yenyewe ya sinema, dakika 3, kwenye digrii 41. Si 40, si 42. Nikawa nimepiga magoti na kipimajoto kama namwogesha kichanga: ikishuka 39 naongeza ya moto, inaruka 44, naongeza ya baridi. Watoto wangu watatu sikuwahi kuwapimia hivyo, na wote wamekua.

Picha zikatoka. Natamani zisingetoka.

Mkanda ule ulikuwa wa 500T: 500 ni wepesi wake wa kunasa mwanga, na hiyo T ni ya taa za tungsteni, mwanga wa kelvini 3200, kelvini ikiwa kipimo cha rangi ya mwanga. Juani inabidi uivishe lenzi kioo cha rangi ya chungwa, namba 85. Sikuwa nacho, nami nilidhani T ni ya jina la kiwanda. Basi mama mkwe ni bluu. Si bluu ya kivuli, ni bluu ya kalamu ya wino. Kando yake matundu meusi 11 yamepanda juu kama ukuta uliopigwa risasi. Masizi yaliyogoma kutoka yamemtua shavuni, manne, na moja limekaa kwenye jino. Na kwa kuwa rola ilikuwa imefura, mwanga ulipenya pembeni, bega lake la kushoto linawaka moto.

Nilimpelekea kwa mikono miwili. Akaitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mkwe," akasema taratibu, "mimi nimekukosea nini?"

Nikaanza kumweleza habari za kelvini. Mke wangu akanikanyaga mguu.

"Basi tusibishane," mama akasema, akiiweka picha kifudifudi. "Jumamosi nitakuja unipige upya. Hiyo mikanda si ulisema unayo mingi?"

"Ipo, mama," nikamjibu. "Imebaki 120."