Konda Mwenye Sare ya Shule

Mwanangu wa kwanza ana usonji, na sehemu kubwa ya maneno yake ni ya watu wengine. Sentensi hazitungi; huzihifadhi nzima nzima, pamoja na sauti, kikohozi na hasira za aliyezisema, kisha huzitoa siku anayoona zinafaa. Akishikwa na njaa hutangaza kwa sauti ya bibi yake, "Njooni mle jamani, chakula kinapoa," nasi tunajua kwamba anaomba chakula. Leo Kanner, daktari aliyeueleza usonji mwaka 1943, aliandika habari za watoto wanaorudia maneno kwa namna hiyo, lakini sidhani kama aliwahi kupanda nao daladala la Mbagala.

Wakati huo mabasi ya mwendokasi yalikuwa hayajaanza Barabara ya Kilwa, nauli ilikuwa shilingi 400 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi, nami nilikuwa nikimpeleka kila asubuhi kwenye shule yenye kitengo cha watoto kama yeye, upande wa Kariakoo. Tulipandia Rangi Tatu, gari linakoanzia, kwa sababu alikubali kiti kimoja tu, kile cha karibu na mlango. Kuna abiria walioona kwamba namdekeza. Hao walikuwa hawajamsikia akiwa amekalishwa kwingine. Kutoka kwenye kiti hicho alimsoma konda kwa bidii ambayo mwalimu wake wa hesabu hajawahi kuiona: kofi moja ubavuni mwa gari, dereva anasimama, makofi mawili, anaondoka.

Asubuhi ninayoisimulia, tulipofika Mtongani, konda aliteremka na noti ya elfu kumi ya abiria mmoja kwenda kutafuta chenji kwenye kibanda cha vocha. Chenji haikupatikana upesi. Mwanangu, ambaye anajua gari hukaa Mtongani muda gani, alianza kupepesa vidole, akachungulia nje, kisha akatoa mkono dirishani, akapiga makofi mawili na kunguruma kwa sauti ileile ya konda, yenye mikwaruzo ya sigara: "Twende suka, hakuna mtu hapa!"

Suka akatia gia.

Nilipiga kelele kwamba konda amebaki, na mwenye noti yake ya elfu kumi akapiga kelele kunizidi, lakini muziki ulikuwa juu, na mwanangu alitugeukia sote wawili akasema kwa upole wa kikazi, "Tulia mama, chenji yako ipo." Kwa Azizi Ali dada mmoja akaomba kushuka, kofi moja likalia, gari likasimama palepale, na yule dada, ambaye nadhani alikuwa bado usingizini, akamkabidhi mwanangu shilingi 400. Akazikunja sarafu zile katika kiganja na kuanza kuzichezesha ili zilie. Basi abiria wengine nao wakaanza kulipa. Mzee mmoja mwenye kofia alitamka wazi kwamba hajawahi kuhudumiwa kwa adabu namna hiyo katika njia ya Mbagala.

Konda alitukuta Sabasaba, juu ya bodaboda, ndala moja mguuni na nyingine mkononi. Ndipo dereva alipozima muziki, akamtazama konda wake aliye nje, akageuka kutazama ndani, akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Sasa huku nyuma alikuwa anagonga nani?"

Gari zima likamwonyesha.

Konda alipanda akiwa amefura, akanyoosha mkono na kudai fedha zake. Mwanangu akaficha kiganja nyuma ya mgongo: "Hiyo hesabu ya tajiri, usiiguse." Konda alishtuka, kwa kuwa hayo ni maneno aliyomwambia dereva wake wiki hiyohiyo, tena kwa kunong'ona. Nilijaribu kueleza habari za usonji, lakini mzee mwenye kofia alikwisha kuipokea kesi na alikuwa akimuuliza konda ni abiria gani aliyelalamika. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa mwenye elfu kumi, naye alinyamaza alipokabidhiwa chenji yake.

Wakati wanabishana, mwanangu alikuwa akimkagua konda kuanzia kichwani hadi kwenye ule mguu mtupu. Mtu huyu amepandia Sabasaba na hajalipa. Akamgusa bega. "Nauli, kaka mkubwa. Usijifanye umelala."

Kicheko kilichozuka kilimfanya hata dereva aegemee usukani. Konda alitazama huku na huku, akaona kwamba hana mtetezi, akaingiza mkono mfukoni na kutoa shilingi 200. "Mimi mwanafunzi," akasema.

Mwanangu hakuipokea. Alilitazama shati la konda kwa makini, akatikisa kichwa na kumuuliza, kwa sauti ya konda mwenyewe, "Sare iko wapi?"

Konda akaongeza mia mbili.