Kilo 80 za shemeji

Shemeji wangu ana tumbo la kuheshimika, lakini muulize uzito wake atakujibu "kilo 80" bila kupepesa macho. Ni kilo 80 tangu nimwoe dada yake. Sijawahi kumbishia. Uzito wa mtu ni wake, nami sikutarajia kama ipo siku ungeingia kwenye karatasi za mzigo wangu.

Nilikuwa na boksi la mito ya kulalia, linasafirishwa kwa ndege, na fomu ilitaka uzito wa jumla: mito, boksi lenyewe, hadi gundi iliyolizunguka. Mzani uliokuwapo ni ule wa bafuni. Ukiliweka boksi juu yake, linafunika namba zote.

"Nalibeba, napanda nalo, kisha tunatoa uzito wangu," akasema shemeji. "Hesabu ya darasa la pili."

Njia yenyewe haina kasoro, wengi huitumia. Akapanda, mzani ukiwa juu ya zulia. Nikamshusha, maana mzani ukikalia kitu laini husema uongo. Akapanda tena, safari hii sakafuni, boksi limemfika puani, jasho linamtiririka. Namba hazioni yeye wala mimi. Ikabidi nilale kifudifudi, shavu sakafuni, nichungulie katikati ya vidole vya miguu yake huku akipiga kelele, "Soma upesi, linaniponyoka!"

Nikasoma: 120.

"Toa 80," akasema akihema.

"Shemeji, si upande peke yako tuhakikishe?"

"Kwani mimi ndiye ninayesafirishwa?"

Nikaandika 40.

Kwenye ghala la mizigo kulikuwa na mzani wa sakafuni, chuma kitupu kisichojua habari za ushemeji. Ukasema 23. Karani akaitazama fomu, akatutazama sisi, akaitazama fomu tena. Kilo 17 zimekwenda wapi? Akaanza kupapasa gundi kila kona kuona kama boksi limefunguliwa, akauliza mzigo ulilala wapi, na nani alikuwa nao.

"Labda mito imetoka hewa njiani," shemeji akachangia.

Karani hakucheka. "Shukuruni hili si kontena la meli. Tangu Julai 2016 kontena lisilo na uzito uliothibitishwa halipakiwi. Mlipima vipi?"

Nikamweleza. Akamgeukia shemeji taratibu, akamwonyesha mzani kwa kalamu. Shemeji akavua viatu, akavua mkanda, akatoa simu na funguo mfukoni, akavuta pumzi na kuibana, kisha akapanda.

97.

Kilo zetu 17 zilikuwa zimesimama pale mbele yetu, zimevaa shati la mistari.

Mimi nilifurahi, maana sasa ningelipia 23 tu. Karani akachomoa tepu. Sentimita 100 kwa 80 kwa 60. Akazidisha, akagawanya kwa 6,000. Kwenye ndege, akaeleza, mzigo mwepesi unaokula nafasi hupimwa na kwa ujazo wake pia, na kati ya uzito huo na ule wa mzani, unatozwa ulio mkubwa. Mito yangu ilikuwa imejaza boksi upepo mtupu, na upepo nao una nauli.

"Haya," akasema akigonga muhuri, "kilo 80."

Shemeji, mkanda ukiwa bado mkononi, akaruka: "Si nilikwambia!"