Kura ya Wapolandi ya 1993 Haikuwa ya Kurudi Nyuma

Wanaoisifu Poland kwa namna ilivyouacha ukomunisti huanzia tarehe 1 Januari 1990, mpango wa Waziri wa Fedha Leszek Balcerowicz ulipoanza kutumika: bei nyingi ziliachiwa soko na ruzuku zikakatwa. Sifa hiyo ni ya haki, kwani bidhaa zilirudi haraka katika maduka ambayo rafu zake zilikuwa zimezoea kubaki na siki tu. Kinachosimuliwa vibaya ni Septemba 1993, pale wapiga kura walipowarudisha madarakani SLD, warithi wa chama cha kikomunisti, pamoja na chama cha wakulima, PSL, wakaambiwa kuwa wameshindwa kuachana na mazoea ya zamani.

Hesabu yenyewe inasema mengine. Vyama hivyo viwili vilipata takriban asilimia 36 ya kura, lakini vikatwaa viti 303 kati ya 460, kwa sababu sheria mpya ilivitaka vyama vinavyoingia bungeni vifikishe asilimia 5 ya kura, au 8 kwa miungano, na vyama vya mrengo wa kulia, vilivyokuwa vimegawanyika vipande vipande, vikaachwa nje. Theluthi nzima ya kura ilipotea hivyo. Nao walioichagua SLD hawakukosa sababu: kufikia mwisho wa mwaka huo ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 16.4. Katika mashamba ya serikali, yaliyovunjwa kwa sheria ya Oktoba 1991, aliyepoteza kazi alipoteza pia kantini na chekechea ya watoto, akabaki katika jengo la ghorofa lililosimama peke yake katikati ya mashamba, akingoja posho ambayo watu waliiita kuroniówka, kwa jina la Waziri wa Kazi Jacek Kuroń.

Wafuasi wa Balcerowicz hujibu kwamba serikali ya SLD na PSL ilivuna isipopanda, tena ikajikokota katika ubinafsishaji. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, ni serikali hiyo hiyo iliyopeleka ombi la kujiunga na Umoja wa Ulaya, Aprili 1994. Na mwaka 1995, Urusi ilipokuwa ikiwaachia wenye mabenki wachache hisa za kampuni zake kubwa za mafuta na madini kama rehani ya mikopo waliyoipa serikali, kujikokota huko kuliiepusha Poland na mabwana wa aina hiyo. Mwaka 1997 sanduku la kura likaiondoa serikali hiyo nayo, na Balcerowicz akarudi Wizara ya Fedha, akakuta bei zikiwa huru kama alivyoziacha.