Mumiani wa Werner Herzog

Kamera inapita taratibu mbele ya maiti zilizokauka, moja baada ya nyingine. Zimesimamishwa zikiegemea ukuta. Ngozi zimekuwa kama karatasi iliyokaa miaka mingi kwenye unyevu kisha ikaanikwa juani, na vinywa viko wazi kana kwamba kila mmoja alikatishwa katikati ya kumwita mtu. Wa kwanza ni wadogo, watoto. Kadiri kamera inavyosogea, wanazidi kuwa watu wazima, kisha wazee. Hakuna anayechomoka gizani wala hakuna kisu. Ipo kwaya tu, sauti nzito zinazopanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili. Ndivyo inavyoanza Nosferatu: Phantom der Nacht, filamu ya mwaka 1979 ya Mjerumani Werner Herzog. Usiku ule wa kwanza niliisimamisha kabla haijafika hata dakika ya tatu, nikaenda kuwasha taa ya sebuleni.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba wale hawakuwa sanamu. Ni maiti za kweli za mji wa Guanajuato, Mexico, zilizofukuliwa makaburini zikakutwa zimekauka bila kuoza. Herzog mwenyewe aliziomba zitolewe kwenye makabati ya vioo, akazipanga kwa umri, kuanzia utoto hadi uzee. Filamu haikuelezi lolote kuhusu hilo. Inakuacha uangalie.

Mimi nilikuwa na sababu ya ziada ya kuwasha taa. Tulipokuwa wadogo bibi alitukataza kuzurura magharibi ikishaingia: mumiani watatukamata, watatutoa damu, damu ikauzwe dawa. Kila gari tusilolijua lililosimama pembeni ya barabara lilikuwa la mumiani. Nilipokua nikalitafuta neno hilo kwenye kamusi, nikakuta lina maana nyingine tena: maiti iliyokaushwa isioze. Lilitujia kutoka Kiajemi, na shina lake ndilo hilo hilo Wazungu wanalotumia kuziita maiti za Misri. Sasa fikiria mtu aliyelelewa na neno hilo anaketi kutazama filamu ya mnyonya damu, na picha ya kwanza anayoonyeshwa ni maiti zilizokaushwa. Wenzangu wengi wanauliza maiti zile zina uhusiano gani na Dracula, mnyonya damu wa filamu hii, maana hazitajwi tena mpaka filamu inakwisha. Mimi sikuuliza. Lugha yangu ilishaziunganisha zamani.

Nilianza kupenda filamu za kutisha kwenye kibanda umiza, juu ya benchi la mbao, tumebanana mpaka jasho la jirani linakuwa lako. Nazipenda bado, zote, hata zile za damu ya rangi. Lakini filamu nyingi nilizozitazama kule zilijua kushtua tu. Mlango unabamizwa, muziki unalipuka, unaruka, unacheka, yameisha. Kushtuka kunapita na sekunde yake. Hofu ni kitu unachorudi nacho nyumbani. Nimetazama mamia ya filamu za kutisha na bado naamini kwamba hakuna mwongozaji anayeijua hofu kumzidi Herzog, ingawa kati ya filamu zake nyingi, hiyo moja tu ndiyo ambayo muuzaji angeipanga kwenye rafu ya filamu za kutisha.

Chukua lile tukio la mkate. Jonathan Harker, anayechezwa na Bruno Ganz, anakula chakula cha usiku ndani ya kasri la Dracula, mwenyeji wake amekaa karibu akimtazama. Kisu kinateleza, kinamkata kidole gumba. Klaus Kinski, anayecheza Dracula na aliyekuwa akiketi saa nne kila siku kupakwa sura ile nyeupe yenye meno mawili ya mbele kama ya panya, anainuka. Anamweleza mgeni kwa upole kwamba kisu kile ni cha zamani, kinaweza kuwa na uchafu, damu itaingia sumu, afadhali ainyonye, ndiyo dawa kongwe kuliko zote. Anaongea kama mzee wa mtaani anayekushauri kuhusu jeraha. Unaona anavyopigana na mwili wake, kifua kinapanda, vidole vyenye kucha ndefu vinasitasita hewani, na kwa muda mfupi unamhurumia. Kisha anakishika kidole. Nimelirudia tukio hilo mara nyingi, na bado huwa naficha vidole vyangu chini ya mto.

Huyu Dracula amechoka. Anamwambia Harker kwamba kufa si jambo baya kuliko yote, kwamba kuishi karne baada ya karne ukirudia upuuzi ule ule kila siku ndiko kunakotisha. Katika filamu ya Mjerumani F. W. Murnau ya mwaka 1922, ambayo Herzog aliifanya upya, mnyonya damu ni tishio tupu. Hapa ni mgonjwa anayeambukiza ugonjwa wake mwenyewe. Kinski alijulikana kwa ghadhabu zake, lakini katika filamu hii karibu hapandishi sauti. Ananong'ona.

Herzog alizaliwa Munich mwaka 1942, vita vikiendelea. Amewahi kueleza kwamba kizazi chake cha watengeneza filamu wa Ujerumani hakikuwa na baba, kilikuwa na babu tu, kwa sababu kizazi cha kina baba kiliangukia upande wa Hitler au kikaikimbia nchi. Alimrudia Murnau kama mjukuu anayetafuta ukoo. Nikiikumbuka habari hiyo, hata zile maiti zilizopangwa kuanzia mtoto hadi mzee zinanijia kwa sura nyingine.

Halafu kuna meza. Tauni imeingia mjini pamoja na meli ya Dracula. Lucy, mke wa Harker, anayechezwa na Isabelle Adjani, anatembea uwanjani peke yake katikati ya majeneza, samani zilizotupwa na watu wanaocheza ngoma ya kuaga dunia. Familia moja iliyovaa vizuri imeandaa meza nje, vitambaa vyeupe, mvinyo, na panya wamejaa miguuni pao. Wanamkaribisha. Wote wana tauni, wanamweleza, hiki ndicho chakula chao cha mwisho, wacha wakifurahie. Picha inakatwa. Meza ni ile ile, viti ni vile vile, watu hawapo. Panya wako juu ya sahani. Hakuna kilio wala maiti, na sijawahi kuona kifo kikionyeshwa kwa ukatili zaidi ya hapo.

Wale panya walikuwa wa kweli, takriban 11,000, waliletwa kutoka Hungary wakiwa weupe na wakapakwa rangi ya kijivu. Mji wa Delft, Uholanzi, yalikopigwa matukio mengi ya mjini, uliwakataa, ikabidi matukio yao yahamishiwe mji jirani wa Schiedam. Maarten 't Hart, mtaalamu wa wanyama aliyeajiriwa kuwasimamia, alieleza baadaye jinsi walivyoteseka: njaa ya safarini iliyowafanya walane, na namna walivyotiwa rangi. Jambo hilo linaniuma, na sitaki kulipita kimya eti kwa kuwa naipenda filamu. Hofu ninayoisifu ililipiwa na viumbe ambao hawakuulizwa.

Watu hupenda kumzungumzia Herzog kwa vituko vyake. Alikula kiatu chake mbele ya watazamaji huko Berkeley, California, kwa sababu alimwahidi Errol Morris, mtengeneza filamu mwenzake, kwamba atakila siku Morris akimaliza filamu yake ya kwanza. Aliburuta meli ya zaidi ya tani 300 juu ya mlima katika msitu wa Peru kwa ajili ya filamu yake Fitzcarraldo. Mwishoni mwa mwaka 1974, aliposikia kwamba Lotte Eisner, mwandishi mkongwe wa habari za filamu, yuko mahututi Paris, alitoka Munich kwa miguu kwenye theluji na mvua, akiamini kwamba akifika kwa kutembea mama yule hatakufa. Alitembea wiki tatu. Eisner aliishi hadi 1983.

Wanaosimulia hayo huyaita kichaa. Sisi tuna neno linalofaa zaidi: nadhiri. Mtu anaweka nadhiri, anaitimiza kwa mwili wake, na haombi aeleweke. Ukishaliona hivyo, filamu zake zinabadilika machoni. Anachokipiga picha ni kitu alichokiendea mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka mwisho.

Angalia Herz aus Glas ya mwaka 1976. Kijiji cha Bavaria kinapoteza siri ya kutengeneza kioo chekundu, fundi aliyeijua amekufa, na watu wanaanza kuchanganyikiwa. Karibu waigizaji wote walitiwa kwanza usingizi wa haipnosisi ndipo kamera ikawashwa. Ndani ya kilabu cha bia wanaume wawili wamekaa wakitazamana. Mmoja anampasulia mwenzake bilauri kichwani. Aliyepigwa hashtuki. Baadaye naye anammiminia mwenzake bia, polepole, naye anabaki ametulia. Nilipoitazama mara ya kwanza neno lililonijia lilikuwa moja: misukule. Watu waliopo na hawapo. Hakuna kipodozi kinachoweza kuyatengeneza macho yale.

Na kuna Grizzly Man ya mwaka 2005, ambayo si hadithi ya kubuni. Timothy Treadwell aliishi na dubu wa Alaska majira ya kiangazi kwa miaka 13, mpaka Oktoba 2003 dubu alipomuua yeye na mwenzake, Amie Huguenard. Kamera yao ilikuwa inarekodi, kifuniko cha lenzi hakijatolewa, ikabaki sauti tu. Mwongozaji mwingine angetusikilizisha. Herzog anavaa vipokea sauti masikioni, anakaa karibu ametugeuzia mgongo, anasikiliza. Mbele yake ameketi rafiki wa marehemu anayeitunza kanda hiyo, na sisi tunachokiona ni uso wa yule mama ukijaribu kusoma uso wa Herzog. Kisha anaomba izimwe. Anamwambia asiisikilize kamwe, aiharibu. Chumba kizima kiko kimya, na ukimya ule ulinikosesha usingizi kuliko mayowe yote ya kibanda umiza.

Kwa kumfuatilia hivyo nikafika mpaka nyumbani. Mwaka 1969 Herzog alitengeneza filamu fupi ya hali halisi, Die fliegenden Ärzte von Ostafrika, kuhusu madaktari wa ndege wa AMREF, shirika la afya, katika Afrika Mashariki. Haina jini wala popo. Kuna sehemu inayoonyesha Wamasai wakisita kupanda vingazi vichache vya gari la matibabu, na nyingine ambapo wanakijiji wanaonyeshwa mabango ya elimu ya afya na baadhi yao hawalitambui jicho lililochorwa kwa ukubwa. Herzog anaona hapo fumbo kubwa kuhusu namna wanadamu wanavyotazama. Mimi hapo siendi naye njia yote. Ningependa wenyewe waeleze kwa vinywa vyao, kwa lugha yao, walikuwa wanawaza nini. Mtu aliyekua na hadithi za mumiani hawezi kumshangaa anayesita mbele ya mlango wa gari la wageni wenye sindano.

Hata hivyo naitazama na kuirudia, kwa sababu naona jicho lile lile likianza kazi: linakaa juu ya uso wa mtu muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na halikimbii.

Kama hujawahi kumtazama, anza na Nosferatu. Alizipiga mbili kwa pamoja, ya Kijerumani na ya Kiingereza. Tafuta ya Kijerumani hata kama utategemea manukuu, kwa ajili ya ule mnong'ono wa Kinski. Zima simu. Na usiondoke Dracula akishakufa, maana bado kuna dakika chache. Harker, ambaye meno yake sasa yamebadilika, anaagiza farasi. Anaondoka kwenye tambarare ya mchanga, upepo unafuta nyayo nyuma yake, anazidi kuwa mdogo. Unaoimbwa ni Sanctus ya Gounod, maneno yale yale tunayoyaimba kanisani Jumapili kabla ya mageuzo. Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu. Naye anaendelea kwenda, kuelekea waliko watu.